Kungwi na Bwana Mwenye Shingo ya Mbuni

Kungwi wetu alipiga hodi mara moja tu. Hakurudia. Kama una mwali ndani, ulijua aliyesimama mlangoni hataondoka mpaka aingie. Mkononi ana kapu, juu ya kapu kitambaa chekundu, na watoto waliokuwa wakicheza njiani wamejibanza ukutani wameziba midomo, kwa sababu waliambiwa ukimwonyesha kungwi meno anaondoka na moja. Sijui nani aliwaambia. Nadhani ni yeye mwenyewe.

Mimi alinifunda. Nilishuka kutoka milima ya Kondoa kuja kuolewa hapa mtaa wa Kikuyu, sijui mtu, sijui njia ya bombani, nikatiwa chumba cha ndani na mwanamke mrefu, mkavu, ananuka karafuu, sauti imekwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Alishusha pazia mchana kweupe. Akafunua kapu.

Mlikuwa na vinyago vya udongo. Udongo wenyewe aliuchimba kwa mikono yake korongoni mvua zikikatika, akaufinyanga, akaukausha kivulini. Fisi mwenye matiti. Chungu chenye ulimi. Mtu wa matumbo mawili asiye na kichwa. Alikuwekea kimoja gotini, akakuuliza, “Huyu nani?” Ukijibu fisi, unafinywa paja mpaka unaona nyota. Si fisi. Ni wifi yako siku umejifungua na nyama iko jikoni. Wa matumbo mawili ni mume anayekula kwako na kwingine. Chungu chenye ulimi ni wewe mwenyewe ukitoka nje na siri za nyumba yako. Hayo nayasema kwa kuwa hata yeye aliyasema bombani watu wakisikia. Mengine yatabaki ndani.

Alikuwa na msemo wake: “Mwali akicheka, kaelewa. Akilia, ataelewa. Akinyamaza, hajaiva.” Mimi nililia siku mbili, ya tatu nikacheka.

Na kila mwali alifinyangiwa kinyago kimoja chake peke yake, ambacho hakuonyeshwa mwingine. Siku ya kutoka, mwali anakikanyaga kwa kisigino mpaka kiwe unga, na unga ule unamwagiwa maji. Hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kukivunja. Nilimuuliza kwa nini visiwekwe, vile vizuri vizuri. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maiti huzikwa. “Kitu cha kutisha kikishamaliza kazi yake kife,” alisema. “Ukikiacha kinazoea kukaa.”

Ndiyo maana hakupigwa picha maisha yake yote. Akiona kamera arusini hujifunika khanga uso mzima kama anafukuzwa na nyuki. Watu walimcheka. Huyu huyu anayetisha wasichana wa watu kwa fisi mwenye matiti, anaogopa karatasi! Aliogopa na vyura pia. Nilimwona kwa macho yangu akipanda juu ya kinu, mtu mzima, kwa sababu chura ameingia uani.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi wanawake tulilinong'ona bila kulimaliza. Alifunda mabibi harusi wa mtaa mzima, akawaelekeza namna ya kukaa na mume, kumpokea, kumtuliza, naye hana mume. Ukimuuliza anakujibu, “Nilikaa naye miaka kumi na moja. Tukaisha.” Wengine husema akaisha, maana yake kafa, au tukaachana. Yeye alisema tukaisha. Mtu alijikuta anabadilisha mazungumzo.

Sasa hayo yote niliyaona ni vituko vya mzee, mpaka ikafika zamu ya Zulfa.

Zulfa ni binti yangu wa mwisho. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri tukashangaa kuona mitumba inamwagwa chini kama mahindi. Mchumba wa Zulfa alikuwa kijana wa mambo hayo mapya. Anakwenda Dar, anarudi na redio, saa, viatu, na mwisho akarudi na televisheni na deki ya video. Kijana mpole. Ananipigia shikamoo akiwa mbali mita ishirini, na akifika karibu anarudia. Sikuwa na la kumlaumu. Zulfa alimpenda mpaka akawa anakosea chumvi.

Wiki mbili kabla ya mwali kuingia ndani, mchumba akasema atatuonyesha sinema, sisi upande wa bibi harusi, iwe zawadi. Tukakusanyika baada ya swala ya alasiri nyumbani kwa shangazi yake, kwenye umeme. Zamani mchumba hakanyagi chumba alichomo mama mkwe, ila siku hizo kila kitu ruksa, naye ndiye pekee aliyejua vifungo vya mashine. Akasimama pembeni ya televisheni. Sisi chini kwenye mikeka. Zulfa ubavuni kwangu, kajitanda. Kungwi akapewa kiti kama ilivyostahili, karibu na mlango.

Ilikuwa katuni. Tulidhani ya watoto. Lugha yake hatukuijua, wala mchumba hakuijua. Kulikuwa na msichana mwenye macho kama visahani na nywele rangi ya zambarau, anaishi nchi kavu, ardhi imepasuka kama kwetu mwezi wa kumi. Anachota maji kisimani, anatoka bwana. Kavaa suti. Mikono ya mtu, miguu ya mtu, lakini kuanzia kola kwenda juu ni shingo ya mbuni, ndefu, na kichwa cha mbuni chenye kope za kike. Wakapendana! Wakacheza ngoma juu ya mapaa. Akang'oa manyoya yake akayapanda, yakaota nyumba. Tulicheka, naapa, tulicheka mpaka machozi.

Kisha yule bwana akaanza kukauka. Anapasuka mikono, vumbi linamtoka machoni. Msichana analia. Akachukua kikombe akakiweka chini, akatia kidole cha mguu, kidole kikawa maji. Akatia mguu, ukawa maji. Akajimimina mwenyewe, taratibu, anatabasamu, mpaka yakabaki macho mawili yanaelea. Yule bwana akainua kikombe akanywa.

Na kwa kuwa shingo ni ile ya mbuni, tulimwona akishuka. Kidonge cha mwanga, kinashuka, kinashuka, mpaka kikapotelea kwenye kola. Bwana akalia. Majani mabichi yakamwota kichwani. Ikaisha.

Nikamtazama Zulfa: mashavu yamelowa, anang'aa kama mtu aliyeombewa dua.

Mama Hadija, muuza vitumbua, ndiye aliyepasuka wa kwanza. “Astaghfirullah! Kammeza! Tumekaa hapa tunakenua meno, kumbe tunaangalia jini linakula mtoto wa watu!”

“Hakumla,” akasema Bi Tatu, mjane, anajifuta na ncha ya khanga. “Kambeba. Kampa mahali pa kukaa. Mwenzangu, marehemu wangu mimi hata kikombe cha maji hakunipokea mkononi, seuze kunibeba tumboni.”

“Wewe ungependa unywewe?”

“Na huyu mwenye macho mazuri vile? Hata leo!”

Watu wakaangua kicheko cha woga. Shangazi wa mchumba akasema jamani, ni michoro tu, michoro haina roho. Na mchumba, kijana wa watu, kutaka kuwatuliza wanawake, akasema, “Mama zangu msiogope, tazameni.” Akabonyeza kifungo, kanda ikarudi nyuma. Ule mwanga ukapanda shingoni, ukatoka mdomoni, ukaingia kikombeni, maji yakawa miguu, miguu ikawa msichana. Mzima. Anatabasamu.

“Si mnaona?” akasema Bi Tatu. “Katoka salama!”

Kisha kanda ikaenda mbele tena, na msichana akanywewa mara ya pili.

Nilipogeuka, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Kungwi kaondoka bila kuaga, na viatu vyake kaviacha.

Basi mtaa ukagawanyika. Bombani kulikuwa na waliosema kammeza na waliosema kambeba, na hawakupisha ndoo. Mama Hadija alikataa kumuuzia Bi Tatu vitumbua wiki nzima. Wanaume, ambao hata hawakuiona, nao wakawa na upande. Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa na binti. Nilitaka kusikia neno moja tu la kungwi, kwa kuwa yeye maisha yake yote ndiye aliyetuambia huyu ni nani. Nikamfuata na viatu vyake.

“Bi Kungwi, kammeza au kambeba?”

Akapokea viatu. “Niletee Zulfa siku ileile tuliyosema,” akanijibu, akafunga mlango. Mikono yake ilikuwa na udongo mbichi hadi kwenye viwiko.

Zulfa aliingia ndani siku saba. Mama haingii, hiyo ndiyo desturi, lakini ukuta wa tofali za udongo hauna desturi. Siku tano nilisikia yale yale niliyoyajua, kufinywa na kucheka. Mtoto mwepesi, anaelewa. Siku ya sita nikasikia kapu linafunuliwa, na sauti ya kukwaruza ikauliza, “Huyu nani?”

Kimya.

“Nakuuliza, huyu nani?”

“Ni bwana yule,” akasema Zulfa.

“Mkewe yuko wapi?”

“Kambeba.”

Nikasikia kofi la paja. “Yuko wapi?”

“Tumboni mwake. Pana joto.” Halafu akasema neno ambalo lilinifanya nishike ukuta. Alisema, “Bi Kungwi, na mimi ningejimimina.”

Hakucheka. Hakulia. Akanyamaza. Mimi huku ukutani, jua liko juu, kuku wanaparura kama kawaida.

Kungwi akatoka. Akanikuta palepale, hata hakushangaa. “Hajaiva,” alisema.

Arusi ilikuwa Ijumaa. Ndugu zangu wako njiani kutoka Kondoa na mbuzi. Mchele umeshachambuliwa. Na kungwi akisema mwali hajaiva, hakuna shehe wala baba atakayemtoa, maana ukimtoa umetoa kitu kibichi, na lolote litakalotokea ni lako. Nilipiga magoti. Mimi! Mwanamke nisiyempigia magoti mtu ila mama mkwe wangu, na yeye mara moja. Nikamwambia, “Kama kuna unachokijua juu ya huyu kijana, kiseme. Anapiga? Ana mke mwingine? Ana maradhi?”

“Sina ninachokijua.”

“Basi unaniulia mtoto kwa sababu gani?”

Uso wake, ule uso uliotutisha sote, ulikuwa unatetemeka kama wa mtu aliyeona chura. “Hajaiva,” akarudia. Akachukua kapu lake akaenda.

Mchumba alikuja jioni ile kabla ya magharibi. Nilitegemea matusi. Afadhali angetukana. Akapiga shikamoo mara mbili kama kawaida yake, akasema, “Mama, kama mnataka muda, mimi nitasubiri.” Upole ule ndio ulionikosesha raha. Nilikuwa nimefika mahali hata heshima ya mtu naiona ina shingo ndefu.

Alisubiri miezi mitatu. Kungwi hakubadili neno. Wazee wake wakaona wamedharauliwa, wakamwozesha kwingine, msichana wa Ipagala. Mtaa ukagawanyika upya, safari hii si kwa katuni. Wapo waliosema kungwi kamwokoa Zulfa na wapo waliosema kamvunjia riziki, na ukitazama vizuri ni watu walewale wa kammeza na kambeba. Kungwi hakuitwa tena. Watu walianza kwenda kwa makungwi wengine, wenye kaseti na nyimbo.

Zulfa alinisalimia mwaka mzima kwa salamu tu. Baadaye akaolewa na mwalimu, mtu mzuri, anakoroma. Wakanipa wajukuu wawili. Yule wa kike, nisijisifu, ila nitajisifu, anashika namba moja darasani na anasoma gazeti kwa sauti bila kujikwaa. Basi ningelalamika nini? Lakini sijawahi kumwona Zulfa akimtazama mwalimu kama alivyoitazama ile televisheni.

Na mimi nilipata ugonjwa. Nilianza kwenda Ipagala. Nilijidai natafuta dagaa, natafuta mafuta, wakati nyuma ya nyumba yangu vipo. Nilikwenda kumtazama yule msichana aliyeolewa badala ya wangu. Namtazama mikono, shingo, namtazama macho kama mnunuzi wa ng'ombe. Nikimkuta kanenepa, anacheka na wateja dukani kwake, narudi nasema tulimnyang'anya Zulfa mume bure. Nikimkuta kapooza siku moja, labda ana homa tu, narudi nimeshika kifua, nasema kumbe. Nilikuwa naogopa nimkute mzima, na naogopa nimkute amekwisha. Miaka yote ile sikupata jibu. Mwanamke huyo ana siku zake nzuri na siku zake mbaya kama mimi.

Ikapita miaka zaidi ya kumi. Nikaletewa ujumbe kuwa kungwi yuko Nzuguni kwa mtoto wa dada yake, macho yamekufa, na anamwita Zulfa aje avunje kitu chake. Nilielewa. Nikamwambia Zulfa. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. “Mwambie avunje mwenyewe.”

Nikaenda mimi, asubuhi, na chupa ya uji wa uwele.

Alikuwa amekaa mkekani, mifupa mitupu ndani ya khanga. Nikapiga shikamoo. “Marahaba, Mama Zulfa,” akaitikia kabla sijajitaja. Pembeni yake kitambaa chekundu, na ndani, kinyago cha Zulfa, kimepasuka kidogo penye kola: bwana yule. Suti, vifungo, kope. Mwanamke aliyesema kitu cha kutisha kisiachwe kuzoea, amekaa nacho miaka yote ile kwa kuwa sheria yake mwenyewe ilimkataza kukivunja.

“Zulfa haji,” nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Nikamimina uji, nikapoza, nikaanza kumlisha kwa kijiko, maana mikono yake haikushika tena. Kijiko cha tatu au cha nne akasema bila kuulizwa:

“Siku ile mlitazama televisheni nyote. Mimi niliogopa, nikageuza uso. Nikamwona yule kijana. Yule wa kwenye picha alipokuwa akinywa, na yeye koo lilicheza. Akameza. Hana kitu mdomoni, akameza. Kanda ilipokwenda mbele mara ya pili, akameza tena.”

Nikashusha kijiko. “Ndiyo hicho tu?”

“Mimi nilinywewa, Mama Zulfa. Miaka kumi na moja, kidogo kidogo. Nilikuwa na sauti ya kuimba, hukuwahi kuisikia. Mume wangu hakunipiga hata siku moja. Alikuwa akinitazama hivyohivyo, na koo linacheza. Nilipoliona koo la yule kijana, nililijua.”

Uji ulikuwa unapoa. Nikachota, nikampelekea mdomoni, na hapo ndipo nilipojisikia. Yeye alipofungua mdomo, na mimi nilifungua. Alipomeza, nilimeza. Kila mama anafanya hivyo. Nimelisha watoto sita na wajukuu, sijawahi kumtia mtoto kijiko mdomoni koo langu likatulia. Unataka chakula kimfike, basi unakisindikiza.

Nikataka kusimama, nikasema nimwachie mtoto wa dada yake amalizie. Lakini mkono wake ulikuwa umeshainuka. Vipofu hupapasa ndivyo wajue aliyeko. Ukanigusa bega, ukapanda kwenye ukosi wa gauni, ukatulia shingoni, vidole vikavu kama njiti.

“Umenenepa,” alisema, na akatabasamu, akafungua mdomo kungoja.

Nikachota. Nikapeleka kijiko. Nikauma meno, nikakaza shingo, nikajaribu kwa nguvu zangu zote nisimeze.

Uji ukamwingia, akameza, na koo langu likacheza lenyewe chini ya vidole vyake.

Hakucheka. Hakulia. Mkono wake ulibaki palepale, na akanyamaza.